Hewa Chini ya Meli

Juma lililopita nilikuwa Kagongwa, pale barabara ya malori ya Rwanda na Burundi inapopita katikati ya mashine za kukoboa mpunga. Nilisimama nyuma ya mashine moja nikitazama makapi yanavyopeperushwa na feni kama hayana uzito. Kijana mmoja anayepeleka mchele hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, akanigeukia.

"Mjomba, wewe mtu wa redio. Ikiwa upepo unanyanyua hivi, mbona meli zetu hazinyanyuliwi? Mwanza hadi Nansio saa 3 majini. Nikikosa gulio, nimekula hasara."

Niliahidi kumjibu. Swali lake lina umri wa zaidi ya miaka 100. Katika miaka ya 1880 Gustaf de Laval wa Sweden, yule wa mashine ya kutenga krimu na maziwa, alijaribu kupuliza mapovu ya hewa chini ya chombo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, nayo hung'ang'ania tumbo la meli. Tandika hewa katikati, meli iteleze. Tatizo ni kwamba mapovu hayatulii. Hupanda juu, hukimbilia pembeni.

Aliyekuja na njia nyingine alikuwa mwenzetu wa redio. Mwingereza Christopher Cockerell alikuwa mhandisi katika kampuni ya Marconi kabla ya kuhamia kwenye kuunda mashua. Mwaka 1955 alichukua kopo la chakula cha paka, akaliweka ndani ya kopo la kahawa, akapuliza hewa katika nafasi iliyobaki kati yake. Akaona kwamba hewa hiyo inaweza kubeba uzito. Kwa nini basi chombo kisitoke majini kabisa, kikakalia mto wa hewa? Tarehe 25 Julai 1959 hovakrafti yake ya kwanza ilivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Kuanzia 1968 hovakrafti kubwa zilipakia abiria na magari yao, zikikimbia zaidi ya kilometa 100 kwa saa. Mwaka 1995 moja ilivuka kwa dakika 22.

Hata Afrika zilifika. Mwishoni mwa 1969 msafara wa Waingereza ulitoka Dakar, Senegal, ukapita mito na Ziwa Chad hadi Kinshasa, ukiruka michanga ambako mashua ya kawaida ingekwama. Nami hukumbuka magugu maji yalivyoziba Ziwa Victoria miaka ya 1990, panga za injini zikinasa. Chombo kile kingepita juu yake bila kujali.

Lakini nani angelipa mafuta? Hapo ndipo hadithi hii hugeuka. Kujinyanyua kunataka nguvu kabla hata ya kwenda mbele, na ile sketi ya mpira inayozuia hewa isitoroke huchakaa upesi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973. Njia ya reli chini ya bahari ikafunguliwa 1994. Tarehe 1 Oktoba 2000 safari za pale zikakoma. Kama matajiri wale walishindwa, sioni ajabu kwamba Mwanza iliendelea na meli zake za kawaida.

Ajabu ni kwamba mapovu ya de Laval yamerudi. Mwaka 2010 kampuni ya Mitsubishi ya Japani iliyafunga kwenye meli za mizigo mizito, zenye tumbo pana na bapa ambamo hewa haitoroki haraka. Safari hii hayatafutwi kwa ajili ya mbio. Yanatafutwa kwa kupunguza mafuta, kiasi cha asilimia 5 hadi 10 meli ikifaa. Chombo kidogo hupata faida ndogo, maana pampu ya hewa nayo hula nguvu ileile.

Nikampigia simu kijana wangu, nikamweleza yote: Nansio itabaki saa 3, ila huenda mafuta yakapungua.

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia mashine ikiunguruma.

"Sawa, mjomba. Hayo mafuta yakipungua, na nauli ya gunia itashuka?"

Hilo sikuwa nimeliandalia jibu.