Mabinti wa Njaa: Jinsi Wazao wa Yatima wa Ayalandi Wanavyotafutwa

Katika desturi ya pwani yetu, mwanamke akiolewa hubaki binti wa baba yake. Fatuma binti Ali huitwa hivyo mpaka kaburini. Tuliposoma habari za mabinti yatima wa Ayalandi tuliona jinsi ukoo unavyopotea pale ambapo ndoa hulifuta jina hilo.

Mwaka 1845 viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ayalandi, viliingia ugonjwa vikaoza mashambani. Njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja. Wengi wasio na kitu walikimbilia nyumba za maskini, ambako mtu alipata uji na malazi huku akitumikishwa. Kati ya 1848 na 1850, kwa mpango wa waziri wa makoloni wa Uingereza, Earl Grey, wasichana zaidi ya 4,000 walitolewa humo wakasafirishwa kwenda Sydney, Melbourne na Adelaide. Wengi walikuwa na miaka 14 hadi 20. Makoloni yalihitaji watumishi wa nyumbani na wake. Kila msichana alipewa sanduku la mbao lenye nguo na viatu. Hata hivyo magazeti ya huko yaliwadharau kwa dini yao na kwa kutojua kazi za nyumbani, na mpango ukasimamishwa.

Wazao wao wanapatikanaje leo? Makarani wa Sydney waliandika jina la kila msichana, umri, alikozaliwa, majina ya wazazi, dini, na kama alijua kusoma. Hiyo ni hazina kubwa, lakini mlango wake ni mwembamba. Msichana aliolewa, akaitwa kwa jina la mume. Kina Mary na Bridget walikuwa wengi mno, na karani aliandika jina la ukoo kama alivyolisikia. Kwa hiyo mtafutaji huanzia mwisho: cheti cha kifo cha bibi, kisha vyeti vya watoto, kisha cha ndoa, ndipo afike kwenye meli. Majina ya wazazi ndiyo humthibitishia kwamba Mary huyu ndiye.

Tena kulikuwa na aibu. Si kila mama alitaka wanawe wajue kwamba alitoka nyumba ya maskini, na siri hiyo alizikwa nayo.

Huko Sydney, kwenye jengo la Hyde Park Barracks walikopokelewa, upo mnara uliozinduliwa 1999. Majina ya baadhi yao yameandikwa juu ya kioo, na mengine yanafifia kwa makusudi.

Sisi tunajivunia nasaba, lakini mara nyingi tunaihesabu kuumeni tu. Wasichana hawa wanapatikana kwa sababu mtu fulani aliuliza habari za kuukeni. Nasi tulio ugenini, ambako fomu hudai jina moja la ukoo, tuandike majina ya bibi zetu, na baba zao, na vijiji vyao, maadamu wapo wa kutuambia.