Saratani ya matiti: Utafiti mpya upimwe vipi kabla ya kuchagua tiba

MWANAMKE anayeambiwa kuwa ana saratani ya matiti hupokea habari nyingine nyingi ndani ya siku chache. Ndugu humletea kipande cha gazeti, jirani humtajia dawa iliyomsaidia mgonjwa aliyepelekwa India, na simu hujaa ujumbe kuhusu ugunduzi uliotangazwa Marekani au Uingereza. Si lazima habari hizo ziwe za uongo. Tatizo ni kwamba utafiti mmoja hauwahusu wagonjwa wote, na dawa iliyorefusha maisha ya kundi moja yaweza isiwe na faida yoyote kwa mgonjwa wa kundi jingine.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kutokana na ugonjwa huo. Kwa familia ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, uamuzi unaofuata tangazo la dawa mpya unaweza kumaanisha kuuza kiwanja, kusafiri nje ya nchi au kuacha tiba iliyokwisha kuanza. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji kipimo kingine zaidi ya matumaini.

Vitambulisho vya uvimbe

Jina saratani ya matiti linakusanya pamoja magonjwa yenye tabia tofauti. Baada ya daktari kuchukua kipande cha uvimbe kwa sindano, maabara huchunguza mambo matatu: vipokezi vya homoni ya estrojeni, vipokezi vya homoni ya projesteroni, na wingi wa protini iitwayo HER2. Pamoja na hatua ambayo ugonjwa umefikia, majibu hayo ndiyo yanayoonyesha ni utafiti upi unamhusu mgonjwa.

Uvimbe wenye vipokezi vya homoni ndio unaoonekana kwa wagonjwa wengi zaidi. Uvimbe huo hukua kwa kuchochewa na homoni za mwili, na kidonge cha tamoksifeni huziba vipokezi hivyo. Uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha kuwa kidonge hicho kikimezwa kila siku kwa miaka 5 hupunguza kwa takriban theluthi moja hatari ya kufa kwa saratani ya matiti katika miaka 15 ya mwanzo. Jaribio la kimataifa la ATLAS, lililotangazwa mwaka 2012, lilionyesha kuwa kuendelea hadi miaka 10 huongeza kinga hiyo, ingawa dawa ina madhara yake, yakiwamo kuganda kwa damu na, kwa wachache, saratani ya mji wa mimba. Kwa uvimbe usio na vipokezi, kidonge hicho hicho hakisaidii.

Kundi la pili ni la uvimbe wenye protini nyingi ya HER2. Dawa ya trastuzumabu, iliyoingia sokoni kwa jina la Herceptin, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa mwilini. Mwaka 2005 majaribio makubwa yalionyesha kuwa ikitumiwa mapema pamoja na dawa za kemikali, hupunguza kwa takriban nusu hatari ya ugonjwa kurudi. WHO iliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Kundi la tatu ni la uvimbe usio na alama yoyote kati ya hizo tatu, ambao wataalamu huuita hasi tatu. Huonekana zaidi kwa wanawake wenye umri mdogo na kwa wanawake wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi. Tamoksifeni na trastuzumabu hazina kazi kwa mgonjwa wa kundi hili.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa asiye na majibu ya vipimo hivyo hawezi kujua kama dawa iliyotangazwa ni yake. Fedha ya kwanza inayostahili kutafutwa ni ya vipimo, kabla ya ile ya nauli ya ndege.

Utafiti uliopunguza tiba

Wengi husikia maneno utafiti mpya wakafikiria dawa kali zaidi. Lakini baadhi ya matokeo makubwa katika saratani ya matiti yamewaondolea wagonjwa mzigo.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19, madaktari wa upasuaji walifuata njia ya daktari wa Marekani, William Halsted, ya kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na matezi ya kwapani. Majaribio yaliyoongozwa na Bernard Fisher nchini Marekani na Umberto Veronesi nchini Italia yaliilinganisha kwa haki njia ya kuondoa titi na ile ya kuondoa uvimbe peke yake na kufuatiwa na mionzi. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya wanawake waliofuatiliwa kwa miaka 20. Wale waliobakiwa na titi waliishi sawa na wale walioondolewa titi lote.

Dawa za kemikali nazo zilichunguzwa upya. Jaribio la TAILORx, lililotangazwa mwaka 2018 na kuandikisha wanawake 10,273, lilihusu uvimbe wenye vipokezi vya homoni, usio na HER2 na ambao haujafika kwenye matezi. Kwa kupima jeni 21 za uvimbe, watafiti walionyesha kuwa wanawake wengi wa kundi hilo wenye alama za kati hawakupata faida kwa kuongezewa dawa za kemikali juu ya tiba ya homoni. Hata hivyo, baadhi ya wenye umri wa miaka 50 au chini walipata faida kiasi.

Kwa mgonjwa anayetoka Songea au Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, pengine jaribio la Uingereza la FAST-Forward ndilo lenye maana kubwa. Jaribio hilo, lililowahusisha wagonjwa 4,096, lililinganisha mionzi ya mara 15 katika wiki 3 na mionzi ya mara 5 katika wiki moja. Matokeo ya miaka 5, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kuwa wiki moja haikuwa dhaifu katika kuzuia ugonjwa kurudi kwenye titi. Wiki zinazookolewa ni gharama za malazi, siku za kazi na watoto walioachwa nyumbani. Hata hivyo, njia hiyo haimfai kila mgonjwa, na inahitaji mashine na upangaji makini wa kipimo cha mionzi.

Muda wa kutumia trastuzumabu pia umechunguzwa. Jaribio la Uingereza la PERSEPHONE lilionyesha mwaka 2019 kuwa miezi 6 ilikaribiana sana na miezi 12: baada ya miaka 4, asilimia 89.4 ya waliotumia miezi 6 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 89.8 ya waliotumia mwaka mzima. Jaribio la Ufaransa la PHARE halikuweza kuthibitisha usawa huo, na mwaka mmoja umebaki kuwa utaratibu wa kawaida. Lakini mgonjwa ambaye fedha zake haziwezi kufika mwaka mzima ana sababu ya kulizungumza jambo hili na daktari badala ya kukataa dawa yote.

Hesabu ya watu 100

Njia rahisi ya kupima habari ya dawa mpya ni kuuliza: kati ya wagonjwa 100 waliopewa, wangapi walinufaika zaidi ya ambavyo wangenufaika bila dawa hiyo?

Mfano ni pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, iuzwayo kwa jina la Keytruda. Jaribio la KEYNOTE-522 liliwahusu wagonjwa wa hasi tatu ambao ugonjwa wao ulikuwa haujasambaa mwilini. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa baada ya miaka 5, asilimia 86.6 ya waliopewa dawa hiyo pamoja na dawa za kemikali walikuwa hai, dhidi ya asilimia 81.7 ya waliopewa dawa za kemikali peke yake.

Taarifa moja inaweza kusema kuwa vifo vilipungua kwa zaidi ya robo. Nyingine inaweza kusema kuwa kati ya kila wagonjwa 100, watano zaidi walikuwa hai. Zote mbili ni kweli, lakini ya pili ndiyo inayomsaidia mgonjwa kupima. Watu watano ni maisha ya watu watano, na si jambo dogo. Wakati huo huo, takriban 82 wangekuwa hai hata bila dawa hiyo ghali, na baadhi ya waliopewa hupata madhara ya tezi na homoni yanayoweza kudumu maisha yote.

Onyo la Johannesburg

Katika miaka ya 1990, maelfu ya wanawake nchini Marekani walipewa dawa za kemikali kwa kiwango kikubwa mno, kisha wakarudishiwa chembe za uboho ili wasife kwa dawa hizo. Tiba hiyo ilitolewa kwa wingi kabla ya majaribio ya kulinganisha kukamilika, na baadhi ya wagonjwa waliuawa na tiba yenyewe.

Mwaka 1999 majaribio kadhaa yaliwasilishwa katika mkutano mmoja wa wataalamu wa saratani. Lile la Werner Bezwoda, wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, pekee ndilo lililoonyesha mafanikio makubwa. Wakaguzi walipokwenda kuangalia kumbukumbu zake, walikuta kasoro nzito, na mwanzoni mwa mwaka 2000 alikiri kuwa alipotosha matokeo. Tiba hiyo ikaachwa.

Tukio hilo linaonyesha kwa nini matokeo ya utafiti mmoja hayatoshi. Majaribio ya awamu ya kwanza hutafuta kiwango salama cha dawa, ya awamu ya pili huangalia kama uvimbe unapungua, na ya awamu ya tatu hulinganisha dawa mpya na tiba iliyopo kwa kuwagawa wagonjwa kwa kura. Habari inayotokana na panya wa maabara, au na wagonjwa wachache, bado haijafika mahali pa kumfanya mtu abadili tiba.

Tiba inayokamilika

Utafiti uitwao ABC-DO uliwafuatilia wanawake wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa takriban nusu tu walikuwa hai miaka 3 baada ya kugunduliwa. Kuchelewa kugunduliwa na kutopata tiba kamili vilichangia sehemu kubwa ya vifo ambavyo vingeweza kuzuilika.

Mashine nayo ina sauti katika uamuzi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika kabisa, na mpya ilizinduliwa mwaka 2018. Katika kipindi hicho, mgonjwa aliyechagua kubakiza titi, tiba inayotegemea mionzi, alikuwa katika hatari ambayo mwenzake wa London hakuijua.

Malengo ya WHO yanataka angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua mbili za mwanzo, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 wamalize tiba. Hakuna kati ya malengo hayo linalotaja dawa mpya.

Maswali ya kumwuliza daktari

Mgonjwa anashauriwa kwenda na mtu wa karibu atakayeandika majibu ya maswali haya:

- Majibu ya vipokezi vya homoni na HER2 yanasemaje, na ugonjwa uko hatua gani?
- Je, utafiti huu ulihusu uvimbe wa aina yangu na hatua yangu?
- Kati ya wagonjwa 100, wangapi walinufaika zaidi, na wangapi walidhurika?
- Tiba inayotolewa hapa inatofautiana kiasi gani na hiyo mpya?
- Gharama ya tiba yote ni kiasi gani, na bima inalipa sehemu ipi?
- Nikichukua wiki mbili kufikiri au kupata maoni ya daktari wa pili, kuna madhara gani?

Anayetumia dawa za asili naye amweleze daktari, kwa kuwa baadhi huingiliana na dawa za hospitali. Tamoksifeni inayomezwa kila siku na mgonjwa ambaye uvimbe wake una vipokezi humlinda kuliko dawa ya kisasa anayoianza na kuiacha njiani kwa kukosa fedha.