Kuvuja damu baada ya kujifungua: Kwa nini kila dakika ina thamani

KUVUJA damu kupita kiasi baada ya kujifungua ndicho chanzo kikuu cha vifo vya kina mama wazazi duniani. Hatari hii humpata hata mama aliyebeba mimba pasipo tatizo lolote, na huweza kumuua katika muda wa saa chache.

Kila mzazi hupoteza damu kiasi. Hata hivyo, kwa miaka mingi madaktari wamechukulia kwamba aliyejifungua kwa njia ya kawaida yumo hatarini akipoteza mililita 500, yaani nusu lita, katika saa 24 za kwanza. Mnamo Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaowataka wahudumu wasingoje kiwango hicho. Damu ikifika mililita 300, na mpigo wa moyo au shinikizo la damu likawa si la kawaida, matibabu yaanze mara moja.

Mimba inapotimu, takriban nusu lita ya damu au zaidi hupita katika nyumba ya uzazi kila dakika. Kondo la nyuma linapobanduka, mishipa iliyolilisha hubaki wazi, na ni misuli ya nyumba ya uzazi inayojikaza kuibana. Misuli hiyo ikilegea, damu hububujika. Hii ndiyo sababu ya visa vingi. Nyingine ni kuchanika kwa njia ya uzazi, mabaki ya kondo na damu kushindwa kuganda.

Tatizo kubwa limekuwa kukadiria damu kwa macho. Damu iliyofyonzwa na shuka au kuchanganyika na maji ya uzazi huonekana kidogo kuliko ilivyo, na mkunga hutambua hatari mama akiwa tayari amelegea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2023 ulishughulikia ufa huo. Ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha zaidi ya wanawake 200,000. Chini ya mzazi iliwekwa plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu ionekane wazi imefika wapi. Ilipopita kiwango, hatua zote zilichukuliwa kwa pamoja: kukanda nyumba ya uzazi, dawa ya kuikaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na uchunguzi wa chanzo.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Hospitali zilizofuata utaratibu huo zilitambua asilimia 93 ya visa, ikilinganishwa na asilimia 51 kwingineko. Aidha, visa vya kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au kufariki kwa kuvuja damu vilipungua kwa asilimia 60.

Dawa zenyewe si ngeni. Oksitosini hukaza misuli, lakini huhitaji kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, sharti gumu kwa zahanati isiyo na umeme wa kutegemewa. Kabetosini isiyoharibiwa na joto hutumiwa kuzuia tatizo hili. Asidi ya traneksamiki nayo hugandisha damu, lakini ni sharti itolewe kabla ya saa tatu kupita tangu mama ajifungue.

Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 82 ya watoto huzaliwa katika vituo vya afya, kutoka asilimia 61 mwaka wa 2014. Wengi wamefika hospitalini. Lililosalia ni wakute vifaa, dawa, damu na mhudumu aliye macho.

Familia nayo ina wajibu. Mja mzito ahudhurie kliniki na kumeza tembe za madini ya chuma, kwani mwenye upungufu wa damu hulemewa upesi. Usafiri upangwe mapema. Baada ya kujifungua, mama akilowesha kitambaa kizima katika saa moja, akihisi kizunguzungu, akitoka jasho baridi au moyo ukienda mbio, apelekwe hospitalini papo hapo. Hatari haiishi siku ya kwanza. Damu huweza kurudi hata wiki kadhaa baadaye.