Safu ya Lugha: Vamuthi si martini

Wapo Kericho na Bomet wanaotafuta vamuthi tamu ya kuchanganyia kokteli nyumbani, wakifika dukani wanaomba "martini". Wanajichanganya. Martini ni chapa ya vamuthi ya Italia, tamu na kavu. Tena ni jina la kokteli ya jini na vamuthi kavu. Anayetengeneza negroni au manhattan aombe vamuthi nyekundu, kisha asome lebo.

Neno vamuthi limetokana na Wermut ya Kijerumani, yaani pakanga, mmea mchungu ambao wasomaji wa Ufunuo wanaujua kama jina la nyota.

Wala vamuthi si pombe kali. Ni mvinyo uliotiwa mitishamba na spiriti kidogo, kwa kawaida alkoholi asilimia 15 hadi 18. Chupa ikishafunguliwa iwekwe kwenye friji. Ikikaa kabatini hupoteza harufu kama majani ya chai yaliyoachwa wazi.