Sinia la Washairi: Tungewaalika Nani?

Ukipewa nafasi ya kula na watu mashuhuri waliokwisha kufa, ungewaalika nani? Swali hili aghalabu huulizwa kwa ajili ya kupitisha jioni. Hata hivyo jibu lake ni hukumu. Anayetaja majina matano amekwisha kutuambia ni nani anamwona mkubwa katika lugha yake, nani anamwona mdogo, na nani hajui hata kama aliwahi kuwepo. Kwetu sisi wapenzi wa ushairi wa Kiswahili hukumu hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa mashairi mengi ya lugha hii yalitungwa ili yajibiwe, na si kila jibu lililotufikia.

Mchezo wenyewe una historia. Mwezi wa Januari 1826 jarida la New Monthly Magazine la London lilichapisha insha ya William Hazlitt kuhusu watu wa kale ambao mtu angetamani kuwaona. Insha inasimulia jioni moja waliyokusanyika marafiki, Charles Lamb akiwamo. Mmoja wao alitaja mara moja majina mawili aliyoyaona makuu kupita yote, Isaac Newton na John Locke. Lamb hakuridhika. Yeye aliwachagua Thomas Browne na Fulke Greville, waandishi ambao wasomaji wengi wa zama zake hawakuwajali. Sababu aliyoitoa ina faida kwetu hadi leo. Newton na Locke, kwa maoni ya kundi lile, walikuwa wamekwisha kusema yao yote vitabuni, ilhali maandishi ya Browne na Greville yalikuwa mafumbo, na Lamb alitaka wenye mafumbo waje wenyewe kuyafumbua.

Mtu wa pwani yetu angelielewa jibu hilo bila maelezo. Katika ngoma za gungu za Lamu na Pate washairi walifumbiana na kufumbuliana mbele ya halaiki, na fumbo lisilo na mfumbuzi lilikuwa deni. Mwaka huohuo wa 1826 Muyaka bin Haji alikuwa hai Mombasa, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Bendera ya Uingereza, ambayo Kapteni Owen aliipandisha mjini humo mwaka 1824, ilishushwa mwaka huo, na watawala wa Kimazrui wakabaki peke yao mbele ya Seyyid Said wa Oman. Wakati London ikijadili nani aalikwe, Mombasa ilikuwa ikimsikiliza mshairi ambaye leo hakosi katika orodha yoyote ya waalikwa wetu.

Tuichukue basi kanuni ya Lamb tuilete kwenye jamvi la kwetu. Mezani waweza kuongeza kiti. Sinia lina mzingo wake. Hukaliwa na watu wanne au watano, sita wakibanana, na mikono yao yote huingia katika wali mmoja. Kwa hiyo mwenye kuandaa sinia hatoshi kujiuliza nani ni mkubwa. Hana budi kujiuliza nani atakaa na nani, na wakishanawa wataulizana nini.

Wengi wataanza na Shaaban Robert. Heshima yake haina shaka, lakini kwa kanuni tuliyoishika yeye ndiye Newton wetu. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ametueleza ndoa yake, kazi yake serikalini na safari ya kalamu yake. Katika tenzi za Hati na Adili ametusikilizisha alichowausia watoto wake. Sisi tumekuwa wageni wake kwa muda mrefu. Kumwalika ni kulipa fadhila, na kulipa fadhila ni jambo jema, lakini maswali yetu kwake ni machache kuliko tuliyo nayo kwa wengine.

Fumo Liyongo naye, nachelea, hatakuja. Katika kisa chake, kama kilivyotungwa katika utenzi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, chakula ndicho kilichotegewa mtego. Wenzake walishauriana kula kikoa cha makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake awaangushie wenziwe, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu ya mti. Liyongo akayatungua makoma kwa mshale, naye amesimama chini. Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kwa Liyongo hata mzaliwa wake hakumfaa, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni. Mtu wa namna hiyo hupelekewa sahani yake nyumbani.

Wawili wa kwanza kukaa, basi, ni Muyaka na Zahidi Mngumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mombasa na Pate zilishirikiana kuishambulia Lamu, zikashindwa vibaya ufukoni Shela. Katika uhasama wa miji hiyo shairi lilikuwa silaha mojawapo. Zahidi alikuwa kiongozi wa Lamu na mshairi. Muyaka alikuwa ulimi wa Mombasa. Baada ya ushindi, Lamu ilihofia kulipiziwa kisasi, ikamwomba Seyyid Said ulinzi, naye akaweka liwali wake pale. Mwaka 1837 Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwa Said, Muyaka akiwa angali hai. Mshindi na mshindwa wa Shela waliishia chini ya bendera moja. Ningependa kumsikia Muyaka akimuuliza Zahidi kama Lamu ilijua, ilipomwita mlinzi, kwamba ilikuwa ikimwita mtawala. Na ningependa kumsikia Zahidi akimuuliza Muyaka ni nani aliyeifanya Lamu ihitaji mlinzi. Mashairi ya vita yametuachia majigambo ya pande zote mbili. Mazungumzo ya baada ya vita hatunayo.

Wawili wanaofuata hawakupigana, kwa sababu kifo kiliwahi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi vimejifunzia vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na mjadala wa mashairi huru ukawaka katika vyuo, magazeti na vilinge vya washairi. Kaluta alikuwa amefariki mwaka 1964. Mtunga sheria na mvunja sheria hawakupata kukabiliana. Waliojibu kwa niaba ya Kaluta walikuwa wengine, na kila mmoja alimsemea alivyopenda.

Kuna jambo katika wawili hao ambalo mjadala wetu hulisahau. Kaluta alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Tumezoea kuugawa ugomvi ule kuwa ni wa pwani na bara, wenye jadi na wasio na jadi, ilhali aliyeziandika sheria na aliyezikaidi wote walikuwa watu wa maziwa. Huenda mtu aliyekulia mbali na Mvita na Lamu ndiye huona haja ya kuandika sheria, kwa kuwa mwenyeji huzijua kwa sikio. Hapo ndipo swali langu kwa Kaluta lilipo: je, kitabu chake kilikuwa mlango wa kuwaingiza wageni kama yeye, au ukuta wa kuwazuia? Kwa Kezilahabi ningeuliza kama angeandika alivyoandika lau kitabu kile kisingekuwepo. Na Muyaka, aliyekaa hapohapo, asinyamaze. Yeye anayetajwa na wanajadi kuwa shahidi wao ndiye anayesifiwa pia kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Nadhani angewashangaza wote wawili.

Desturi ya zama zao ingewaweka wanawake katika sinia lao, upande wa pili wa pazia. Sitaivunja kwa niaba yao, ila nitahakikisha pazia ni jepesi. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima akiwa mgonjwa, na baada ya miaka miwili hivi akafariki. Tumeukariri usia wa mama, tumeusifu na kuulaumu, tumeufundisha darasani kama kioo cha mwanamke wa Kiswahili. Mwana Hashima, aliyeusiwa, hatumwulizi kitu. Yeye ndiye ninayemwalika kwanza, kabla ya mama yake, aseme ni lipi katika usia ule lilimfaa maishani na lipi lilimwelemea.

Karibu naye nitamketisha Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa. Aliuza vyungu, akahamia mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia mauaji ya mwanamke na muuaji aliyetoroka kwenda bara. Binti wa mtawala aliambiwa jinsi ya kuilinda heshima aliyozaliwa nayo. Siti alizaliwa bila heshima hiyo machoni pa mji, akaitafuta kwa sauti yake. Sijui kama wangeelewana, lakini sinia hili ndilo ningetamani kulisikiliza zaidi, hata wali wa upande wa wanaume ukipoa.

Nafasi moja imebaki kwa wanaume, na haitakwenda kwa mshairi mashuhuri. Itakwenda kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa. Muyaka alifariki mnamo 1840 bila diwani. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua, katika miaka ya 1880, alipoyakusanya na kumweleza mmisionari William Taylor maana zake na visa vyake. Sikujua akafariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zikafika London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Karne nzima ilipita baina ya kifo cha mshairi na kitabu chake, na kiungo kikuu katika karne hiyo kilikuwa kumbukumbu ya mzee mmoja, ambaye kwa kinaya aliitwa Sikujua.

Kwake nina swali moja tu: ni nani hukumwandika? Mombasa ya Muyaka ilikuwa na watungaji wengine, waliomjibu na waliomshinda siku moja moja, wanaume na wanawake. Orodha yetu ya waalikwa, tunayojivunia kuwa ni chaguo letu, ilikwisha kuchujwa na waandishi wachache waliokuwa na wino, na wageni waliokuwa na fedha za kununua nakala. Sisi huchagua katika mabaki ya chaguo lao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, andika majina yako matano, lakini kando ya kila jina andika na swali ambalo diwani yake haikulijibu. Jina lisilo na swali lipishe jingine. Na ikiwa mtaani kwako yupo mzee anayetunga, au bibi anayezijua nyimbo za arusi ambazo hazijaandikwa popote, huyo mwalike wiki hii. Mwandalie wali na mchuzi, mnaweshe, na uwe na daftari karibu.