Habari Zinazotangulia Upepo

Msomaji, huenda ukauliza: kimbunga cha baharini chamhusu nini mwanafunzi wa Rongai, Kitengela au Kajiado? Sisi twakaa bara, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na safari ya kwenda Mombasa ni karibu kilomita 500. Swali hilo ni la haki, na jibu lake nitalitoa mwishoni. Kwanza nakuomba tushuke pamoja hadi pwani na turudi nyuma katika miaka, tuone jinsi wanadamu walivyojifunza kuujua upepo kabla haujawafikia, na jinsi walivyojifunza, kwa gharama kubwa, kwamba kujua peke yake hakutoshi.

Tuanze na Unguja, tarehe 15 Aprili 1872. Sultani wakati ule alikuwa Seyyid Barghash bin Said, ambaye utawala wake ulikuwa haujatimiza miaka miwili. Mwezi wa Aprili ni mwezi ambao kaskazi imekwisha na kusi yaanza, nayo masika imeshika. Manahodha wa pwani walizijua pepo hizi kama mkulima ajuavyo shamba lake: walijua lini watweke tanga kwenda Arabuni au Bara Hindi, na lini wapandishe vyombo pwani wangoje. Lakini upepo uliokuja siku ile haukuwa kaskazi wala kusi. Ulikuwa kimbunga, na Unguja ilidhaniwa kuwa nje ya njia ya vimbunga.

Hasara ilikuwa kubwa mno. Merikebu za Sultani ziliangamia bandarini, majahazi yakavunjika, nyumba zikaanguka, na katika kisiwa cha Unguja karibu theluthi mbili ya mikarafuu na minazi iliangushwa. Mkarafuu hauzai mwaka upandwao; humngojesha mwenyewe miaka sita au zaidi. Kwa hiyo upepo wa siku moja ulichukua mavuno ya miaka mingi. Pemba, iliyo kaskazini kidogo tu, iliepukana na pigo hilo, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa kikuu cha karafuu, hali iliyodumu hata leo. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Waingereza walimtaka Barghash atie sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Walimwambia kwamba akikataa, manowari zao zitakizingira kisiwa. Alilikabili tisho hilo akiwa hana merikebu, na mashamba yake yamelala chini. Hivyo ndivyo upepo uwezavyo kuingia hata katika baraza la wafalme.

Je, Barghash angeweza kuonywa? Elimu ya vimbunga ilikuwapo tayari. Huko Calcutta, Henry Piddington alikuwa amekusanya habari za tufani kutoka katika madaftari ya manahodha, na mwaka 1848 akazipa tufani zizungukazo jina linalotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya pingili za nyoka aliyejikunja. Katika kisiwa cha Mauritius, Charles Meldrum alifanya kazi kama hiyo kwa miaka mingi, akilinganisha daftari la merikebu moja na la nyingine, mpaka njia ya kimbunga ikaonekana juu ya ramani. Mwaka 1857 Mholanzi Buys Ballot alieleza kanuni ambayo baharia aliweza kuitumia bila chombo chochote: kaskazini mwa ikweta, ukiupa upepo mgongo, mahali penye kani ndogo ya hewa pako upande wako wa kushoto, kusini mwa ikweta, pako upande wa kulia. Tena palikuwa na barometa, chombo cha kupima uzito wa hewa. Barometa iteremkapo upesi, nahodha mwenye busara hutua tanga.

Lakini elimu hii yote ilikosa kitu kimoja, nacho ni mjumbe. Habari iliyobebwa na merikebu haiwezi kuitangulia tufani iliyoivunja merikebu hiyo. Simu ya waya ipitayo chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879, miaka saba baada ya mikarafuu kuanguka. Kwingineko simu ilikuwa imekwisha kuanza kazi hiyo: mwaka 1875, kasisi Benito Viñes wa Havana, katika kisiwa cha Kuba, alitangaza kimbunga kabla hakijafika, kwa kuyatazama mawingu na kuzipokea habari za visiwa jirani. Wazee wetu husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Viñes aliongeza jambo moja: wingu la jirani yako laweza kuwa dalili ya mvua yako, ikiwa jirani atakuambia.

Hapa yafaa nikueleze kimbunga ni nini. Bahari ikipata joto la nyuzi 26 au 27 hivi kwenda chini kwa kina cha kutosha, maji mengi hugeuka mvuke na kupaa. Mvuke ule ukigeuka tena kuwa maji huko juu hutoa joto lake. Hewa huzidi kupanda, na hewa nyingine hukimbilia chini kujaza nafasi. Kwa kuwa dunia huzunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja bali hupinda na kuzunguka; kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Karibu sana na ikweta nguvu ya kupinda ni hafifu, ndiyo sababu vimbunga ni nadra kufika pwani ya Kenya. Tena kimbunga chapata chakula chake baharini. Kikipanda nchi kavu hudhoofika. Basi mkazi wa Rongai hatazamii kung'olewa paa na kimbunga kamili.

Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili tangu siku ile ya Unguja, kimbunga kingine kilipiga pwani ya kusini mwa Tanganyika, katika nchi ya Lindi. Wakati ule palikuwa na simu, redio, na Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika ya Mashariki yenye makao yake Nairobi. Lakini hapakuwa bado na jicho la kuitazama bahari kutoka juu. Jicho hilo lilipatikana tarehe 1 Aprili 1960, Marekani ilipoirusha setilaiti ya kwanza iliyofaulu kupiga picha za mawingu. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa tufani kubwa kutembea baharini bila kuonekana.

Je, mambo yalikwisha hapo? La. Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kilipanda nchi kavu katika Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Kilikuwa kimeonekana kutoka juu, lakini watu wapatao 300,000 au zaidi walikufa. Walioko visiwani hawakupata habari iliyowaeleza kinagaubaga la kufanya, wala hapakuwa na mahali pa juu pa kutosha pa kukimbilia. Baada ya msiba huo taifa jipya lilianza kuandaa watu wa kujitolea katika vijiji, wenye bendera na vipaza sauti, na kujenga nyumba imara za kukimbilia. Mwezi wa Mei 2020, kimbunga Amphan kilipokuja, watu zaidi ya 2,000,000 walihamishwa kabla hakijafika, na waliokufa nchini humo hawakufika 100. Bahari ilikuwa ile ile; kilichobadilika ni mkono uliomfikia mtu wa mwisho.

Sasa turudi pwani yetu. Mwezi wa Aprili 2019 watu wa Mtwara walionywa juu ya kimbunga Kenneth, wakahamia mahali pa salama. Kimbunga kikapita kusini yao na kuipiga Msumbiji. Mwezi wa Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea Dar es Salaam, nacho kikafifia kabla hakijafika. Fikiri, msomaji, ungalikuwa mvuvi uliyeacha kazi mara mbili kwa kuambiwa hatari yaja, na mara zote mbili hukuiona. Mara ya tatu ungeamini? Hapa ndipo penye jaribu. Mara ya tatu ilikuwa Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikifuata kimbunga hicho na kutoa taarifa mfululizo. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Tarehe 4 Mei kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua yake ilileta mafuriko pwani ya kusini na kuikata barabara kuu ya Lindi huko Somanga.

Onyo ambalo halikutimia si uongo. Anayetabiri husema, "Kimbunga chaweza kupita hapa," wala hasemi, "Lazima kitapita." Mlinzi wa usiku abwekaye pamoja na mbwa wake na mwizi akakimbia, hafukuzwi kazi kwa sababu hakuna kilichoibwa.

Sasa nalijibu swali la kwanza. Hidaya ilipokuwa baharini, Kenya ilikuwa tayari imezama katika masika ya ajabu. Mafuriko ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kuua watu zaidi ya 200. Kitengela, maji ya mto yaliingia nyumbani mwa watu, na waokoaji wakawatoa kwa mashua. Mvua ile haikuletwa na Hidaya, ilikuwa imeanza mapema. Lakini tarehe 3 Mei Rais William Ruto alilitahadharisha taifa juu ya kimbunga hicho, na akaahirisha kufunguliwa kwa shule zote. Kimbunga hakikupanda pwani ya Kenya, na shule zilifunguliwa tarehe 13 Mei. Waona basi: habari za bahari zilifunga hata milango ya madarasa ya bara.

Tena Rongai yaungana na bahari kwa njia nyingine. Maji ya Mto Mbagathi huingia Athi. Athi huitwa Galana mbele ya safari, kisha Sabaki, na humwagika baharini karibu na Malindi. Ajengaye kingoni mwa mto huu yuko katika hali ile ile ya mvuvi wa Mafia: usalama wake wategemea habari ya mbali itakayomfikia mapema. Mvua ikinyesha milimani Ngong, aliye bondeni huenda akaona jua huku maji yaja.

Kujitayarisha si kazi ngumu. Jua mapema nyumba yenu iko juu au bondeni, na njia ipi ya kwenda mahali pa juu haikatizi mto. Weka vyeti na karatasi za thamani katika mfuko usiopenya maji. Safisha mitaro kabla ya masika. Sikiliza taarifa za Idara ya Hali ya Hewa yenyewe, wala usieneze uvumi. Usivuke maji yaendayo kasi, hata kama jana ulivuka hapo ukiwa mkavu. Tena ukipata onyo, usilale nalo. Mfikishie bibi asiyeona vizuri maandishi ya simu, mfikishie mpangaji mgeni aliyehamia jana, mfikishie mchungaji aliye mbali na boma.

Barghash alikuwa mfalme, na hakupata mjumbe. Wewe si mfalme, lakini habari zakufikia siku nyingi kabla ya upepo. Yaliyobaki yategemea kama utaziamini, na kama utampelekea jirani.