Shinikizo la kupindukia

Gari la mazutu limetoka Kalemie na mzigo kuelekea Bendera. Linavuta vizuri, halafu kwenye kilima nguvu inakatika ghafla na taa ya injini inawaka. Dereva akizima na kuwasha tena, nguvu inarudi, mpaka kilima kingine. Fundi anachomeka mashine ya kupimia na kusoma msimbo P0234, unaohusu shinikizo la turbo. Tuuiteje kwa Kiswahili?

Ni rahisi kusema "shinikizo la ziada", lakini silikubali. Kazi ya turbo, tangu Alfred Büchi wa Uswisi alipopata hataza yake mwaka 1905, ni kuisukumia injini hewa ya ziada. Ziada ndiyo uzima wake. Msimbo huu unalalamika kwamba hewa imepita kiwango kilichoruhusiwa, na kompyuta imepunguza nguvu ili kuiokoa injini. Napendekeza "shinikizo la kupindukia", kwa sababu linamlazimu fundi kuuliza: limepindukia kipimo gani?

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Kalemie ina shinikizo la takriban bar 0.92. Sensa nyingi hupima shinikizo lote, la anga likiwemo. Kwa hiyo bar 1.9 kwenye skrini ni bar 1 hivi tu iliyotoka kwa turbo. Asiyejua hilo atanunua turbo mpya bure.

Injini iliyobadilishiwa programu ili iongezewe nguvu irudishiwe kwanza programu ya kiwandani, kisha ijaribiwe kilimani. Tatizo likibaki, linganisha shinikizo linaloombwa na linalopatikana.

Hapo aina ya turbo ni muhimu sana. Kwenye turbo yenye mlango wa kupitishia moshi pembeni, mlango huo hufunguliwa na shinikizo lenyewe kupitia mpira mwembamba. Mpira ukipasuka, mlango haufunguki na shinikizo linapanda. Kwenye turbo ya mapezi yanayogeuzwa kwa ombwe, mpira ukipasuka kwa kawaida shinikizo hushuka. Huko mshukiwa wa kwanza ni masizi yaliyoyakwamisha mapezi. Zima injini, unganisha pampu ya ombwe ya mkono, tazama fimbo inayogeuza mapezi: iende na irudi bila kusita. Ikikwama, turbo ifunguliwe isafishwe. Skrubu ya kikomo cha mapezi isiguswe. Kipimo chake kiliwekwa kiwandani, kwa mashine.